Barua ya Kumwita Mzazi: Somo Nililolipata TP Mpanda

Tulipobandikiwa majina ya vituo vya mazoezi ya kufundisha, wenzangu walinipa pole. Mmoja alipata Moshi, mwingine Morogoro, mimi nikapangiwa Mpanda. "Huko si ndo mwisho wa reli?" akauliza rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja. Kweli, ni mwisho wa reli. Treni inayotoka Tabora inachepuka pale Kaliua na kuishia Mpanda, kwenye njia iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya kubeba madini ya risasi. Nilishuka asubuhi na begi, ndoo na faili la maandalio ya somo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: azimio la kazi, zana za kufundishia, hata maswali ya msimamizi. Jambo moja tu sikujiandaa nalo, na ndilo ninalotaka kuwaandikia wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu. Shule na nyumbani wanaweza kumpoteza kijana mmoja huku kila upande ukiamini kwamba upande wa pili unamwangalia.

Kijana wa dawati la nyuma

Nilipewa Jiografia na Kiswahili, kidato cha pili, katika shule moja ya kata ya kutwa ambayo sitaitaja. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya themanini. Katika kundi kubwa namna hiyo mwalimu mgeni huwajua wa aina mbili tu, wanaonyoosha mkono na wanaosumbua. Yeye hakuwa kwenye kundi lolote kati ya hayo. Alikaa nyuma, karibu na dirisha, kimya, na nilimjua kwa sababu ya ramani. Nilipowapa kazi ya kuchora Ziwa Tanganyika, wengi walichora kitu kama muhogo. Yeye alichora ziwa lenyewe, na Karema kaiweka mahali pake.

Wiki hiyohiyo ya kwanza niliyaona macho yake. Mekundu, mazito, hasa vipindi vya baada ya mapumziko. Mara anacheka peke yake, mara amelala. Shati lake lilikuwa na harufu ambayo mtu yeyote aliyekaa hosteli anaijua, tusidanganyane. Nikajua. Nilichofanya ni kufungua faili langu na kuendelea na mada. Nilijiambia mimi ni wa wiki nane tu, mwalimu wa darasa yupo, wazazi wake wapo, mimi nani?

Wiki ya tano alikamatwa nyuma ya vyoo na kete mbili za bangi. Hapo mambo yakaenda mbio. Alisimamishwa mbele ya paredi, akapewa barua ya kumwita mzazi, akaambiwa asionekane shuleni mpaka aje naye. Ofisini tukapumua. Wa kusema maneno makali walisema, na sisi wa kunyamaza tukanyamaza. Kesi ikawa imekwisha.

Mzazi hakuja. Wiki ikapita, ya pili ikaanza. Dawati la nyuma likapata mtu mwingine.

Barua chini ya godoro

Mwalimu wa malezi, ambaye pia ana vipindi vya Biolojia karibu kila siku, ndiye aliyeniambia, "Madamu, ukitoka darasani twende ukaone." Tukapanda bodaboda hadi pembezoni mwa mji. Chumba kimoja cha tofali za kuchoma, mlango wa bati, jiko la mkaa nje. Geto. Ndani anaishi yeye na mdogo wake wa darasa la tano. Baba alishaondoka miaka mingi. Mama yuko shambani, safari ya karibu siku nzima ukichanganya gari la mizigo na miguu.

Kwa msomaji asiyeijua Katavi, nieleze kidogo. Mkoa huu ulitengwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na makao makuu yake ni Mpanda. Watu wake wengi wanaishi kwa shamba: mahindi, mpunga, tumbaku. Wengine wanafuata dhahabu kwenye machimbo madogo, wengine wanafuata malisho na ng'ombe wao. Mashamba yako mbali, na familia huhamia huko kwa miezi. Sekondari ziko mjini au kwenye makao ya kata. Basi mzazi anayetaka mwanawe asome anampangia chumba. Anafanya hivyo kwa upendo, tena kwa kujinyima. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa miaka kumi na minne anakuwa baba mwenye nyumba. Anapika, anafua, anamlea mdogo wake, anaamua mwenyewe saa ya kulala na mtu wa kumkaribisha. Fomu ya shule imeandikwa "anaishi nyumbani". Nyumbani kwenyewe hakuna mtu mzima.

Barua ilikuwa chini ya godoro, haijafunguliwa. Kijana mwenyewe hakuwepo, alikuwa stendi anabeba mizigo. Mdogo wake ndiye aliyetuonyesha namba ya simu ya mama, imeandikwa kwa mkaa ukutani. Shule haikuwa na namba hiyo. Kwenye faili kulikuwa na ya mjomba, ambayo tuliipiga mara ngapi sijui, haipatikani.

Nikapiga ile ya ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mwalimu, napiga kutoka shuleni kwa mwanao."

Kimya. Halafu akauliza neno moja: "Amekufa?"

Sijawahi kuulizwa swali lililoniumiza kama lile. Miaka miwili mwanawe yuko sekondari, na shule haijawahi kumpigia simu hata siku moja. Sasa imempigia. Angedhani nini kingine?

Macho na debe la unga

Alifika kesho yake jioni. Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye benchi la nje ya ofisi, kanga kichwani, kama mtu anayesubiri hukumu. Ana umri wa mama yangu mdogo, lakini ananiita mwalimu na alitaka kunipigia magoti. Tulimwomba tukakae chini ya mwembe, mbali na ofisi. Mwalimu wa malezi alimweleza taratibu. Mama akauliza, "Ameanza lini hayo?" Mwalimu wa malezi akasema, "Sisi tumejua wiki mbili zilizopita." Nikainama. Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza.

Kisha mama akasema ya kwake. Kila mwisho wa mwezi huwaletea watoto debe mbili za unga. Unga wa mahindi, si ule mwingine. Zamani debe mbili zilimaliza mwezi. Kuanzia mwezi wa tano zikawa zinaisha katikati ya mwezi. Akadhani watoto wanakua. Akaongeza debe la tatu, akafurahi kwamba wanakula. Kumbe kijana alikuwa anauza unga.

Tukamwita na mwalimu wa darasa. Naye alikuwa na lake: daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba tangu muhula ulipoanza, kijana alikuwa hatokei kila Jumatatu. Alidhani anakwenda shamba kuwasalimia wazazi.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Mimi nilikuwa na macho mekundu. Mwalimu wa darasa alikuwa na Jumatatu. Mama alikuwa na debe la unga. Kila mmoja alishika kipande chake na kukitafutia maelezo mazuri. Kama tungekaa chini ya ule mwembe mwezi mmoja kabla, kijana asingefika kusimamishwa mbele ya paredi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa hatuongei tu.

Karatasi mbili za mwaka mmoja

Niliporudi chuo nilienda kusoma sheria inasemaje, maana somo la usimamizi wa elimu nilikuwa nimelifaulu kwa kukariri. Nikakuta jambo la kushangaza. Mwaka 2002 zilitoka Kanuni chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 zinazoruhusu mwanafunzi kufukuzwa shule kwa makosa kadhaa, na matumizi ya dawa za kulevya yametajwa humo kwa jina. Mwaka huohuo wa 2002 ukatoka Waraka wa Elimu Namba 11 unaotaka kila shule iwe na huduma ya ushauri na unasihi. Yaani mwaka mmoja, karatasi mbili. Moja inafungua geti la kumtolea kijana nje, nyingine inamwekea kiti akae azungumze.

Sisemi shule haina haki ya kuwalinda wanafunzi wengine. Anayeuza bangi kwa wenzake ni suala jingine, na huo ni uhalifu. Ninachosema ni kwamba geti halihitaji bajeti wala muda. Kiti kinahitaji vyote viwili. Shule niliyokuwepo, chumba cha ushauri kilikuwa stoo ya majembe na fagio, na mshauri mwenyewe ana vipindi kama mwalimu mwingine yeyote. Ukiwa na wanafunzi mia nane na muda mchache, utachagua kipi? Hata mimi ningechagua geti.

Na geti la Mpanda linafungukia wapi? Linafungukia stendi na machimboni, mahali ambapo kijana wa miaka kumi na sita anapata hela yake mwenyewe, na anayempa hela ndiye anayempa sigara, bangi na pombe. Tunadhani tumemtoa mvutaji shuleni. Ukweli ni kwamba tumempeleka kwenye mavuno.

Kuna badiliko moja la kutia moyo. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, warudi kwenye mfumo rasmi, na Waraka Namba 2 wa mwaka huo ukaeleza hivyo. Mlango wa kurudi upo. Ila kurudi peke yake hakutoshi kama anarudi kwenye geto lilelile.

Upande wa wazazi nao una jambo lake. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto wengi wa maskini walipata nafasi, na hilo ni jema. Lakini nilikutana na wazazi walioelewa kwamba ada ikifutwa na jukumu linafutwa. "Si shule ya serikali, mwalimu?" baba mmoja aliniuliza sokoni. Alidhani sisi tunajua mwanawe analala saa ngapi. Sisi tulidhani anajua yeye.

Kutisha hakutoshi

Ukutani kwenye ofisi ile kulikuwa na bango: sindano, fuvu, maneno mekundu. Wanafunzi wangu hawajawahi kuona heroini. Wanachokiona ni bangi kwenye karatasi, sigara za kununua moja moja, ugoro, gongo, wanzuki, na pombe kali za chupa ndogo zinazoingia mfukoni. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini chupa ndogo zimeshika nafasi yao. Kijana akitazama bango lile anajiona salama, kwa sababu yeye hajidungi.

Kosa hili si la kwetu tu. Marekani walianzisha mpango uitwao DARE huko Los Angeles mwaka 1983, askari wakaingia madarasani kuwaonya watoto. Ulisambaa nchi nzima, wazazi wakaupenda. Watafiti walipowafuatilia wanafunzi hao na wale ambao hawakufundishwa, tofauti ya matumizi ilikuwa ndogo mno, karibu na hakuna. Viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, vilivyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013 na kuboreshwa mwaka 2018, vinasema vilevile: mihadhara ya kutisha, na hata kumleta mtu aliyewahi kuwa mraibu asimulie tu, haina matokeo mazuri. Kinachoonekana kusaidia ni kumfundisha kijana stadi za maisha kwa mazoezi, kama vile namna ya kukataa bila kupoteza marafiki, na kumjengea mzazi uwezo wa kulea: kuweka mipaka, kufuatilia, kusikiliza.

Maarifa ya afya bado yanahitajika, ila yasemwe kwa ukweli. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa hadi anapovuka miaka ishirini, na sehemu ya mbele, ile ya kupima matokeo na kujizuia, ndiyo inayochelewa. Bangi inavuruga umakini na kumbukumbu, vitu viwili ambavyo mwanafunzi anavihitaji kuliko vyote. Anayeanza mapema yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuwa tegemezi, na kwa baadhi ya watu inachochea ugonjwa wa akili. Pia tujue kwamba methadoni tunayoisikia, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, ni kwa walioathirika na heroini na dawa za jamii hiyo. Kwa kijana wa bangi hakuna dawa ya kumeza namna hiyo. Tiba yake kubwa ni watu: mshauri, familia na rafiki asiyevuta.

Si bangi peke yake

Kule geto wasichana nao wapo, na hatari yao ina sura nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi ilikuwa ya kwanza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au wana ujauzito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Tunapenda kuyatenganisha haya, mimba semina yake, dawa za kulevya semina yake. Lakini chumba ni kilekile, na saa ni zilezile, kati ya saa tisa alasiri kengele inapogonga na saa nne usiku. Mwanaume anayemnunulia binti chipsi na yule anayempa kaka yake kete wote wanajua jambo moja, kwamba hakuna mtu mzima atakayebisha hodi. Tukiziba pengo hilo moja, tumesaidia mambo mawili.

Wenzetu wa Iceland

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Waliowahi kuvuta bangi walishuka kutoka asilimia 17 hadi 7, na wavutaji sigara wa kila siku kutoka asilimia 23 hadi 3.

Walifanya nini? Waliwauliza vijana wenyewe, kila mara, na kila shule ikapewa majibu yake ili wazazi wa pale waone hali ya watoto wao, si ya taifa tu. Waliweka michezo na muziki kwenye saa za baada ya shule. Na wazazi wa shule moja walikaa pamoja wakasaini makubaliano: watoto wetu hawazururi usiku, hatuwanunulii pombe, na mmoja wetu akimwona mtoto wa mwenzake mahali pabaya, anasema. Sheria ikaweka saa: mwenye miaka 13 hadi 16 awe nyumbani ifikapo saa nne usiku kipindi cha baridi, na saa sita usiku kipindi cha joto.

Najua mtakachosema. Iceland ni nchi tajiri yenye watu wachache, na mama wa huko hayuko kwenye tumbaku. Ni kweli. Viwanja vya ndani hatuna. Lakini angalia jambo lililogharimu kidogo kuliko yote: wazazi kukubaliana saa moja, na mtoto wa mwenzio kuwa wa kwako. Hilo si geni kwetu. Bibi zetu walikuwa wanatuchapa kwa makosa ya mitaani na kisha wanatupeleka kwa mama tuchapwe tena. Mkataba ule haukuandikwa popote, na ulifanya kazi. Tuliuacha tulipohamia mjini tukapanga vyumba kwa watu tusiowajua. Chombo cha kuufufua kipo: kila shule ina bodi au kamati yake, na Katavi ni miongoni mwa mikoa ambako mpango wa Shule Bora umekuwa ukihimiza ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA. Ukifika shule yoyote, uliza UWAWA ilikutana lini mara ya mwisho na ilizungumza nini zaidi ya michango na chakula.

Unachoweza kufanya kwenye TP yako

Haya ni mambo ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijapanda treni. Hakuna linalohitaji bajeti.

1. Jua anayelala na mtoto. Usiulize "mzazi wako nani?" Uliza "jana usiku ulikula na nani?" Jibu litakwambia kama kuna mtu mzima. Mpe mwalimu wa darasa orodha ya wanaoishi geto. Kwenye darasa langu walikuwa kumi na saba, na hatukuwa tumewahi kuwahesabu.

2. Simu ya kwanza iwe ya heri. Chagua wanafunzi watatu kwa wiki, pigia nyumbani: "Mama, mwanao amechora ramani nzuri leo, nimeona nikwambie." Dakika moja tu. Ukija kupiga siku ya shida, mzazi hatauliza kama mtoto amekufa, na hatakuja kama mshitakiwa.

3. Muulize mzazi, usimweleze tu. Yeye ana debe la unga. Swali zuri ni hili: "Umeona nini kimebadilika nyumbani?" Kisha sema ulichokiona wewe. Sema ulichoona kwa macho, usiseme hitimisho. "Analala darasani" inazungumzika. "Mwanao mvuta bangi" inafunga mlango.

4. Panga kikao kwa kalenda ya shamba. Kikao cha Jumanne saa nne asubuhi msimu wa kupanda ni kikao cha walimu. Siku ya gulio, au wakati wazazi wanaleta unga mwisho wa mwezi, utawapata. Wenye mashamba mbali wanaweza kuchagua jirani mmoja mtaani awe mlezi, mwenyekiti wa mtaa akamjua, na shule ikamwandika.

5. Usibebe peke yako. Wewe ni mwanachuo, si daktari wala polisi. Ukiona dalili, anza na mwalimu wa malezi au wa darasa. Mtoto akihitaji zaidi, kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na kuna kituo cha afya. Anayewauzia watoto ndiye wa kuripotiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto sigara, pombe na dawa za kulevya, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Na siri ya mtoto isiwe hadithi ya chai ofisini.

6. Usinyamaze kwa sababu ni wa wiki nane. Hili ndilo langu. Mgeni anaona mambo ambayo wenyeji wameshayazoea. Wiki nane ni chache kumfundisha mtu Jiografia, lakini zinatosha kusema sentensi moja kwa mtu sahihi.

Na sisi huku chuoni

Nisiwaseme watoto wa kidato cha pili tu. Bumu likiingia, hosteli zetu zinajulikana. Wapo tunaowaona vipindi vya asubuhi na macho yaleyale, na tunafanya nilichofanya mimi: tunafungua daftari. Tunasema ni mtu mzima, ana maisha yake. Na nyumbani je? Jiulize mara ya mwisho ulipompigia mama yako ilikuwa ya nini. Wengi wetu tunapiga hela ikiisha. Yeye naye akiona namba yetu saa mbaya, moyo unamruka. Tumewafundisha wazazi wetu kwamba simu ya mtoto ni shida, kama shule zilivyowafundisha kwamba simu ya mwalimu ni msiba.

Yule kijana

Pale chini ya mwembe, mama hakumpiga mwanawe. Alimwuliza tu, "Ulikuwa unakula nini?" Kijana akalia, na mimi nikageuka kutazama barabara. Walikubaliana ahamie na mdogo wake kwa mama mdogo anayeishi Makanyagio, geto lifungwe. Mkuu wa shule alikubali arudi kwa masharti. Mwalimu wa darasa akaahidi kumpigia mama kila Ijumaa jioni, hata kama hakuna jipya. Mwalimu wa malezi akamweka kwenye kikundi cha wanaochora ramani za ukutani.

Haikuwa miujiza. Kwenye wiki yangu ya mwisho alikosa siku moja, na tulijua alikuwa wapi. Nilipompigia mwalimu wa darasa mwezi wa kumi na moja, aliniambia kijana ameingia kwenye mtihani wa kidato cha pili, masomo yote, na kwamba tangu nilipoondoka amekosa siku tatu. Nikauliza kama ameacha kabisa. Akasema, "Madamu, mimi najua yuko wapi saa hizi. Zamani hata hilo nilikuwa silijui."

Majina ya vituo vya TP ya mwaka huu yatabandikwa karibuni. Ukipangiwa mbali, usipokee pole. Jumatatu ya kwanza, kabla hujauliza ratiba ya vipindi, omba orodha ya namba za simu za nyumbani, halafu zipige uone ni ngapi zinapatikana. Ambazo hazipatikani, anza na watoto hao.